Mhariri Aliyeelezwa Sera Kupitia Dirishani

Mlio wa kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji ninausikia mpaka leo. Kilikuwa kiti cha chuma, vile vya kukunja, na mipira ya miguuni ilishatoka zamani. Kililia kama mbuzi anayevutwa kwa mguu.

Wadogo zangu mnaotamani kazi ya kuongozana na wageni, mlio huo ndio umenifanya nishike kalamu. Na kabla sijafika mbali, shikeni hili la kwanza: kagueni viti mapema. La pili, kagueni choo. Mgeni atasamehe chai baridi, atasamehe hotuba ya mwenyekiti, ila choo kisicho na maji hakisamehewi. Maji ya bwawa la Manchira yakipungua hapa Mugumu, ndoo zijae tangu jana yake. Hayo mengine yote nitakayosema ni nyongeza.

Mimi nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Msicheke. Wenzangu hustaafu kwa pilau na zawadi ya godoro. Mimi nilistaafu mchana mmoja kwenye ukumbi wa hosteli niliyofanyia kazi, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Lakini nilianza kazi hiyo nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na mtu aliyebeba maneno ya watu wazima tangu akiwa binti, nadhani anastahili kuitwa mzee wa kazi.

Kwenye kitambulisho waliniandika "mratibu wa ziara na mkalimani". Mwenye hosteli alikuwa akipokea watu wa balozi wanaokuja kutazama miradi ya vijiji vya pembeni ya hifadhi, huku Serengeti na kule Tarime. Alinichukua kwanza jikoni. Siku moja mkalimani wao hakutokea, mzee mmoja kutoka kijiji cha Kemambo akawa anaeleza jambo kwa Kikurya na wageni wanamtazama kama wanavyotazama mvua. Nikaacha sufuria nikasimama mlangoni na aproni yangu, nikaanza kusema kwa Kiingereza changu cha kuchechemea. Kuanzia hapo sikurudi tena jikoni, isipokuwa kula.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Gesabo, katekista, ambaye miaka mingi alikuwa akiwatafsiria mapadri wageni. Hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa akiniambia, "Ghati, maneno ya mtu ni mzigo wa mtu. Wewe umebebeshwa tu. Usiule njiani." Na tena, "Aliyemo chumbani asikie. Kama hatakiwi kusikia, atolewe kwanza. Ukimwacha aketi, umeshamwalika."

Nilikosea mara nyingi, na makosa mengine mpaka leo yananichekesha. Kuna ofisa mmoja nilimfundisha "shikamoo" ndani ya gari, akaipenda sana. Kufika tu, akamwamkia kila mtu, hata mtoto wa darasa la pili. Mtoto alikimbia akilia. Mama yake akanifuata mikono kiunoni: "Mmemfanya nini mwanangu, mpaka mzee mzima na mvi zake anampa mtoto mdogo shikamoo?"

Kosa jingine halichekeshi sana. Watu wa kijiji fulani waliomba kisima, mgeni akasema wataliangalia ombi lao. Mimi, kwa furaha zangu, nikalitafsiri kana kwamba wamekubali. Unajua mimi tangu utoto naota nikiwa macho. Watu wakapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa, tukala. Kisima hakikuja. Mzee Gesabo aliposikia alichezea fimbo yake kwanza. "Binti, 'tutaangalia' ya ubalozi ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Ukiusukuma, unakuta kuna kiti nyuma yake."

Zamani, Mzee Gesabo alisimulia, mgeni alileta barua kwa basi, akaja mwenyewe baada ya wiki kadhaa, akalala kijijini, akaumwa na kunguni, akaijua nchi. Wakati wangu kila kitu kilikuja kwenye simu. Ratiba inaingia asubuhi, inabadilika mchana, na gari liko njiani.

Ndivyo ilivyokuja habari ya mhariri.

Gazeti la mkoa wetu lilikuwa limepata mhariri mpya. Kaka Deo, kijana wa Dar es Salaam anayeshughulikia habari pale ubalozini, akanipigia. "Dada Ghati, Katibu wa Kwanza anakuja mwenyewe. Tunataka tukae na huyu mhariri kabla watu wengine hawajamwahi. Tumweleze sera mpya ya serikali yetu kuhusu vijiji vya pembeni ya hifadhi. Ila ni ya kujua tu kwanza. Ameshakubali kutochapisha mpaka itangazwe."

"Sera yenyewe inasemaje?"

"Utaisikia humo humo. Wewe tutafutie mkulima mmoja atoe ushuhuda. Mama ingekuwa vizuri. Awe na uchungu wake lakini anayejieleza."

Mkulima mwenye uchungu. Sikuhitaji kwenda mbali. Dada yangu Bhoke analima Kemambo, bondeni karibu na mto Mara. Mume wake, shemeji yangu Mwita, aliuawa na tembo kwenye shamba hilo hilo akitetea mahindi. Baada ya msiba ule ndipo ubalozi huo ulipoanza kugharamia kikundi cha walinzi wa mashamba: tochi kubwa, honi, na posho kidogo ya vijana wanaokesha. Toka waanze, Bhoke alikuwa anavuna. Si sana, lakini anavuna.

Sasa hapa ndipo lilipoingia kosa, na ni kosa ambalo mtu wa kabila jingine asingeweza kulifanya hata angejitahidi.

Binti wa Bhoke, Robi, alikuwa ameshachumbiwa. Ng'ombe wa kwanza walishaingia zizini. Kwetu Wakurya, ng'ombe wakishaingia, ukwe umeanza. Mama mkwe hamwangalii mkwewe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hamtaji jina. Na mimi mama mdogo ni mama vilevile, hata kama mkwe ananizidi umri. Mazungumzo yote walifanya wanaume. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, tukajua tu kwamba anatoka ukoo wa Sirari, kule mpakani, watu wa kutoa mizigo forodhani, na kwamba amesoma. Nyumbani tulimwita "yule wa Sirari". Robi naye mbele ya mama yake hakuweza kumtaja.

Kaka Deo alinitumia jina la mhariri. Nililisoma vizuri. Ni jina ambalo Tarime ukirusha jiwe sokoni linampata mwenye nalo, na likimkosa linampata baba yake. Halikunishtua hata kidogo. Hata sasa siliandiki hapa. Ni mkwe.

Siku ikafika. Bhoke alikuja mapema na gari la ofisi, kitenge chake cha kanisani, viatu mkononi asije akavichafua. Nikamkalisha mbele, pembeni ya dirisha. Alikuwa na hofu.

"Ghati, nikianza kulia je?"

"Lia. Nitasubiri."

"Na hawa wazungu wakinichoka?"

"Wametoka mbali kukusikiliza wewe."

Akatabasamu. Niliamini maneno yangu, mjue. Niliota kabisa: mhariri anaandika, nchi nzima inasoma, kikundi kinaongezewa walinzi.

Katibu wa Kwanza, Bi Katrine, mama mrefu mpole anayependa kushika mikono ya watu, aliingia na Kaka Deo. Mhariri akafuata, shati jeupe, kalamu mfukoni. Akakaa kwenye kile kiti cha chuma. Bhoke na mimi tukamsalimia kama tunavyosalimia mgeni yeyote. Nikasimama kutambulisha. Nikasema, "Huyu ni Bi Bhoke kutoka Kemambo, mjane wa marehemu Mwita, mama yake Robi."

Hapo ndipo kiti kilipolia.

Mhariri alisimama kwa nguvu, akageuka ukutani, akajifunika uso kwa karatasi zake, akatembea kinyumenyume mpaka nje kwenye baraza. Bhoke alielewa kabla yangu. Alivuta kitenge kichwani akainama mpaka magotini.

"Mungu wangu," akasema kwa Kikurya, "ni yule wa Sirari."

Bi Katrine alikuwa mweupe, akazidi kuwa mweupe. Kaka Deo akanivuta pembeni. "Dada, huyu bwana vipi? Tumemkosea nini? Amegoma?"

"Hajagoma. Ameona mama mkwe."

"Sasa mama mkwe ndiyo akimbiwe hivyo? Mimi wa kwangu ananipikia samaki!"

"Kwenu, kaka. Hapa ungeshatozwa mbuzi."

Nimewaambia kazi hii ni ya viti na vyoo. Ni ya kuta pia. Kwetu sauti inaruhusiwa kupita, uso ndio haupiti. Nikafunga pazia. Nikamwomba Samweli, dereva wa gari la ofisi, ampelekee mhariri kiti nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Bi Katrine akakaa ndani karibu na pazia. Kaka Deo akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, anapitisha karatasi. Mimi nikabaki ndani na dada yangu, maana hata mimi sikuwa na pa kutokea.

Bhoke akaongea akiutazama ukuta. Kwa kuwa hakuwa akimwona mtu, nadhani ilikuwa rahisi zaidi. Alisema jinsi Mwita alivyotoka na sufuria na kijiti cha kupigia, jinsi alivyomwambia, "Funga mlango, nakuja." Alisema alivyokuta sufuria imebonyea, imekuwa bapa kama sahani. Alisema sasa hivi honi zikilia anajifunika shuka anamshukuru Mungu, maana honi maana yake kuna mtu mwingine ameamka. Nilitafsiri kila neno. Bi Katrine alifuta macho. Nje nikasikia mhariri akikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine.

Halafu zikafika dakika za sera.

Kaka Deo akaninong'oneza, "Sasa mama atoke akanywe chai. Sehemu hii ni ya mhariri peke yake."

"Atoke kupitia wapi?"

Akatazama mlango. Mlango ulikuwa mmoja tu, na ulifungukia barazani, pale pale alipokaa mkwe.

"Basi mhariri asogee."

"Asogee akaanikwe juani, halafu asikie nini?"

Akajikuna kichwa. Bi Katrine akauliza kuna nini, akaelezwa, akaangalia saa. Akasema si neno, mama anaweza kubaki, hata hivyo Kiingereza haelewi. Kisha akanigusa mkono: "Ghati, sehemu hii usitafsiri, tafadhali."

Akaanza kusoma. Alisoma vizuri, polepole. Serikali yake imebadili mwelekeo. Msaada wa vijiji vya pembeni ya hifadhi sasa utaelekezwa kwenye biashara na masoko. Vikundi vya walinzi wa mashamba havitagharamiwa tena. Mwisho wake ni kabla msimu unaokuja wa kulima haujafika mavunoni. Waziri wao atatangaza baadaye, kwa hiyo mhariri aendelee kutunza siri.

Bhoke alikuwa anatabasamu. Alidhani wanasoma shukrani. Akaniegemea, "Wanasema nini? Wamekubali?"

Wadogo zangu, hapa ningeweza kuwaambia nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilimkumbuka Mzee Gesabo na mlango mmoja. Tulimwacha aketi, tulishamwalika. Nikasimama nikamwambia Bi Katrine kwa Kiingereza changu: "Mama, huyu yumo chumbani. Nikinyamaza, ninamdanganya usoni kwake. Nitatafsiri." Kaka Deo akasema, "Dada Ghati, usifanye hivyo. Nakuomba kama mdogo wako." Nikatafsiri. Yote, bila kuongeza na bila kupunguza.

Bhoke hakulia. Alinyoosha kitenge chake magotini. Halafu akasema, "Muulize, na tembo wameambiwa?"

Nilitafsiri na hilo. Bi Katrine alizipekua karatasi zake upya. Sijawahi kuona mtu mwenye shule nyingi namna ile akitafuta tembo kwenye karatasi, na sikufurahi. Nilimwonea huruma. Sera hakuitunga yeye. Naye amebebeshwa tu, kama mimi.

Mle mle ukumbini, watu walipokuwa wakikusanya vitu, Kaka Deo aliniambia bila kuniangalia kwamba ubalozi hautaweza kuendelea kunitumia. Mwenye hosteli akasema ikiwa ubalozi umekataa, basi. Ndiyo sherehe yangu ya kustaafu. Soda nilipewa, lakini ya moto.

Mhariri alikuwa bado chini ya dirisha, mgongo ukutani. Akamtuma Samweli. Samweli akaja akasimama mbele ya Bhoke, kofia mkononi.

"Mama, yule bwana anasema alitoa neno lake kabla hajajua nani atakuwamo chumbani. Anasema akiandika leo, amevunja neno. Asipoandika, amekuvunja wewe. Anakuuliza afanye nini."

Bhoke akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mwambie neno lake alitunze. Mimi simpi binti yangu mwanamume anayevunja neno."

"Na shamba, mama?"

"Shamba sijamwuliza yeye."

Mkwe alipoondoka ndipo tulipotoka, tukarudi Kemambo siku hiyo hiyo, na mimi nikabaki kwa dada msimu wote. Njiani nilikuwa na mipango mingi, mnanijua. Nikamwambia, "Dada, sasa tumejua mapema. Usilime bondeni mwaka huu. Waambie na majirani."

"Majirani nitawaambia. Halafu walime wapi?"

"Hata kwingine."

"Ghati wee." Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. "Kwingine ni wapi? Huku juu ni mawe. Kule ni hifadhi. Ng'ambo kuna wenyewe. Udongo wangu uko bondeni na tembo anaujua kama ninavyoujua. Ulifikiri tulikuwa tunalima pale kwa kutojua?"

Nilikuwa nimepoteza kazi ili dada yangu ajue, na kujua kwenyewe hakukumpa hata hatua moja ya ardhi ya kulima. Hili ndilo ambalo Mzee Gesabo hakunifundisha, labda kwa kunihurumia. Unaweza kubeba mzigo wa mtu mpaka mlangoni kwake, ukautua mzima, na nyumbani hamna pa kuuweka.

Habari iliwafikia Kemambo wote kwa mdomo wa Bhoke, na wote wakalima pale pale. Sera ilitangazwa mahindi yakiwa magotini. Siku hiyo mhariri aliandika, ukurasa wa mbele, na waliosoma Tarime mjini walisema hawajawahi kusoma kitu cha namna ile. Kemambo gazeti lilifika limefungia maandazi. Bhoke akaomba karatasi ile, akaifuta mafuta, akaibandika ukutani ingawa hajui kusoma. "Mkwe ameandika," akawa anawaambia watu, bila jina. Vijana wa kikundi walirudisha tochi na honi, wakazipanga moja moja kwenye gari la ofisi, wengine wakienda Sirari kutafuta vibarua vya kupakua malori.

Tembo walikuja mahindi yalipoanza kubeba. Tulimshika Bhoke watu watatu, mimi nikiwa nimemkumbatia kiunoni, kwa sababu alikuwa na sufuria mkononi na alikuwa anaelekea bondeni. Alipigana nasi. Alinipiga hata mimi. Kulipopambazuka alikwenda kuangalia, akarudi na magunzi mawili yaliyokanyagwa, akayaweka jikoni karibu na mafiga. Robi akawasha moto. Tulikunywa uji bila sukari.

Mkiniuliza kama ningerudia, ningerudia. Kazi ni kazi. Lakini msiingie kwenye ukalimani mkidhani maneno yakifika watu watapona. Yanafika tu. Mkiweza kulibeba hilo bila kuacha kuwapenda watu, njooni, kazi ipo, na wageni hawataacha kuja.

Jumapili moja baadaye Bhoke na Robi walikwenda kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma. Walipopotea nyuma ya mkonge nilichukua jembe nikapanda nyuma ya nyumba, kwenye kile kipara cha mawe alichosema Bhoke hakilimiki, ambacho hata mbuzi hukipita haraka. Nilianza pembeni. Jiwe dogo nikalitupa, jiwe la kiasi nikalibeba, nikaanza kupanga ukingo wa shamba. Nilipofika kwenye lile kubwa la katikati, jembe likadunda. Nikalilaza chini, nikapiga magoti, nikaanza kulichimbua kwa vidole pande zote, nikisukuma kwa bega, mpaka likatikisika kidogo.